Umeumia kazini, sasa bosi anataka usaini uondoke: usisaini kwanza

Mwezi huu barua zimekuja nyingi za watu wenye ulemavu, wengine wako kazini wanasumbuliwa, wengine wanatafuta kazi wanafungiwa mlango, nikaamua safu yote niwape wao. Naanza na dada wa Mbagala kwa sababu yake haisubiri. Majibu yote ni kwa sheria za Tanzania Bara, wa Zanzibar mna sheria zenu za ajira na za watu wenye ulemavu, msichukue siku na namba za hapa mkaenda nazo kule.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina miaka 31, nimefanya kazi kiwanda cha plastiki hapa Dar miaka 6, mwaka jana mashine ilinivuta glovu nikakatika vidole vitatu mkono wa kulia. Nilitibiwa, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) wakanifanyia tathmini wakaandika asilimia 22 nikalipwa hela yangu, wao sina ugomvi nao. Shida nimerudi kazini sipangiwi kitu, nakaa tu kwenye benchi karibu na geti, juzi mtu wa HR kaniita ananiambia we umeshalipwa ulemavu wako kampuni haikudai wala huidai, karatasi ya makubaliano ya kuachana hii hapa, saini upewe mshahara wa mwezi mmoja, usiposaini tutakuandikia barua na hiyo hela hupati. Niliomba wanipeleke pakingi au kubandika lebo, wakasema wakiniruhusu mimi kila mtu atataka kazi laini. Nina watoto wawili na kodi inaisha. Nisaini au nisisaini?

JIBU: Usisaini mdogo wangu. Wakikuletea tena hiyo karatasi waambie kwa adabu naomba nakala nikaisome nyumbani, maana makubaliano ni ya watu wawili na mmoja akikataa hakuna makubaliano, hakuna sheria inayokulazimisha kusaini papo hapo mbele ya meza ya mtu. Ukishasaini halafu ukaenda kulalamika, kazi ya kwanza utakayokuwa nayo ni kuthibitisha kwamba ulilazimishwa, na hiyo ni ngumu mno, watu wengi wameachia haki kubwa kwa ajili ya hela ya kodi ya miezi miwili.

Tuje kwenye hilo la WCF maana ndio wanalolitumia kukufunga mdomo. Fidia ya WCF inalipia kile mwili wako ulichopoteza. Mwajiri ndiye anayechangia kwenye mfuko, mfanyakazi hakatwi hata senti, iko hivyo kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na hakuna mahali inaposema mtu akishalipwa basi mkataba wake wa kazi umekufa. Ni vitu viwili tofauti. Tena hiyo karatasi ya asilimia 22 itunze kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo mmoja, ukizidi hapo ndio inakuwa pensheni ya kila mwezi. Wewe ulilipwa mkupuo. Kwa hiyo wataalamu wamekupima wakaandika asilimia 22, halafu kiwanda ambacho hakijakupima kinasema huwezi kazi hata moja, hata kubandika lebo, sasa waulizwe wamelijuaje hilo.

Na swali hilo sheria yenyewe inawauliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kumwachisha mtu kazi kwa sababu inayohusiana na ulemavu wake sio sababu halali, imetajwa kabisa pamoja na ujauzito. Mwajiri anaweza kumwachisha mfanyakazi ambaye kwa ugonjwa au kuumia hawezi tena kazi, ndio, hilo lipo, nisikudanganye, ila kuna njia ya kupita na njia hiyo imeandikwa kwenye kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Lazima aangalie kilichosababisha, ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na aangalie kama anaweza kurekebisha kazi au mazingira yake uendelee, na kama kuna kazi nyingine ya kukupa. Lazima akusikilize na wewe. Na ukiwa umeumia kazini kwake, juhudi anayotakiwa kuionyesha ni kubwa zaidi kuliko ungeumia kwenye shughuli zako. Wewe umetaja mwenyewe pakingi na lebo, yaani umemfanyia hata kazi ya kufikiria, na yeye akakataa bila kujaribu hata siku moja! Kauli ya "kila mtu atataka kazi laini" ikisemwa mbele ya mwamuzi inamuumiza yeye, sio wewe. Iandike leo, ilisemwa tarehe ngapi, saa ngapi, na nani alikuwepo.

Twende kwenye hela, kwa sababu najua kodi haisubiri sheria. Wanakupa mwezi mmoja. Hata kama wangekuwa na sababu halali kabisa ya kukuachisha, mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi yake ni siku 28 au alipwe badala yake, halafu kuna kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka 10, wewe miaka 6 ni siku 42. Jumla siku 70, hapo bado likizo ambayo hujachukua, bado siku ulizofanya kazi hujalipwa, bado cheti cha utumishi. Kwa hiyo wanataka ununue amani yao kwa chini ya nusu ya kile ambacho ungekipata hata ukiwa huna kesi.

Kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Wakibadilisha mawazo wakakupa kazi nyingine ya maana, hata kama sio unayoipenda, usiikatae kwa hasira, kwa sababu anayekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi anaweza kukosa kiinua mgongo. Jaribu, ukiona mkono unauma au haiwezekani, andika barua useme kwa nini.

La kufanya wiki hii ni hivi. Nenda kazini kila siku, hata kama ni kukaa kwenye benchi, saini daftari la mahudhurio, ukiweza piga picha, kwa sababu ukikaa nyumbani zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa watakuandikia utoro na watakuwa wamepata sababu nzuri kuliko waliyonayo sasa. Andika barua fupi kwa meneja, sema umerudi kutoka matibabu, uko tayari kufanya kazi, unaomba upangiwe pakingi, lebo au kazi nyingine unayoiweza, ambatanisha kopi ya tathmini, peleka nakala mbili moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri itume kwa WhatsApp au imeili upige skrinishoti, ujumbe wa simu siku hizi ni ushahidi unaokubalika, tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki tangu 2015. Kama kiwandani kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na we ni mwanachama mwambie mwakilishi leo, sio wakishakufukuza. Rudi pia WCF uwaeleze yanayokupata, wana huduma za utengamao, kumsaidia aliyeumia arudi kwenye kazi, watu wengi wanaishia kuchukua hela tu hawaulizi hilo.

Wakikupa barua ya kukuachisha, chukua, angalia tarehe, anza kuhesabu siku 30, Jumamosi na Jumapili zimo. Ndani ya siku hizo uwe umefungua malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA, kwa fomu namba CMA F.1, unampa mwajiri nakala yake kwanza halafu unapeleka CMA pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Sio lazima wakili, unaweza kwenda na mtu wa chama cha wafanyakazi au mtu unayemwamini. Kwanza ni usuluhishi, mnakaa na msuluhishi mnaongea, ikishindikana linakwenda kwa mwamuzi. Hapo mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Ukishinda unaweza kurudishwa kazini au ulipwe fidia ya mishahara ya miezi, na hiyo hailingani kabisa na mwezi mmoja unaopewa leo. Na wakikubana mpaka ukaandika barua ya kuacha mwenyewe, hilo nalo sheria inaweza kulihesabu kuwa umeachishwa, ila tafadhali usifike huko, linatesa kulithibitisha.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mwanza, nina kifafa tangu mdogo natumia dawa. Nilipata kazi stoo ya vifaa vya ujenzi, mwezi wa nne nikaanguka mbele ya wateja, kesho yake bosi akanilipa siku zangu akasema nenda kapumzike usirudi. Rafiki yangu anayesoma sheria ameniambia sina kesi sababu sijafikisha miezi sita. Ni kweli? Na kifafa ni ulemavu kweli wakati mwili wangu uko mzima?

JIBU: Rafiki yako amesoma nusu. Ni kweli aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, sehemu ile ya sheria haimhusu. Ila kifungu cha 7 cha sheria hiyohiyo, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, kinachokataza ubaguzi kazini, hakina kipimo cha miezi, kinakulinda tangu siku ya kwanza, tena hata kabla hujaajiriwa. Kwa hiyo fomu yako ya CMA usijaze "nimeachishwa isivyo halali", lalamika ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na muda wake ni siku 60 tangu tukio. Ukijaza vibaya watakutoa kwa hiyo miezi sita na utaamini huna haki, wakati unayo.

Kuhusu kifafa, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 haiangalii kama mguu upo au haupo, inaangalia mtu kupoteza au kupunguziwa nafasi ya kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine kwa sababu za kimwili, kiakili au za kijamii. Wewe umepoteza kazi siku moja baada ya kuanguka, sijui mtu anataka mfano gani zaidi ya huo.

Bosi wako atasema stoo ina hatari. Hilo lisikilizwe kwa haki, kama kazi ilikuwa kupanda ngazi ndefu au kuendesha foklifti ana hoja, sheria inaruhusu kutofautisha watu pale ambapo hitaji lenyewe la kazi linadai hivyo. Lakini kuandika risiti, kuhesabu mzigo unaotoka na kukaa kaunta hakuhitaji mtu ambaye hajawahi kuanguka. Nenda kwa daktari wako akuandikie unatumia dawa gani, unaanguka mara ngapi, kazi gani uepuke na ipi unaweza. Na kuna jambo zuri kwenye kifungu hicho cha 7: wewe ukionyesha mambo ya msingi yanayoashiria ubaguzi, jana nilianguka leo nimefukuzwa, mzigo unahamia kwa mwajiri athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Sio wewe wa kuingia kichwani kwake.

SWALI: Nina ualbino, nina diploma ya hoteli, niliitwa intavyuu Arusha nafasi ya mapokezi. Kwenye simu walinisifia sana Kiingereza changu, nilipofika meneja akashtuka, akaniambia wageni wetu wengine wataogopa, tukipata nafasi ya ndani ndani huko jikoni tutakuita. Nililia njia nzima. Kuna kitu naweza kufanya au ndio basi?

JIBU: Kipo, na nimekasirika kwa niaba yako. Kwenye kifungu cha 7 neno mfanyakazi linamjumuisha anayeomba kazi, na sera za ajira zinajumuisha tangazo la kazi, usaili na vigezo vya kuchagua. Sasa ile ruhusa ya "hitaji lenyewe la kazi" niliyoitaja hapo juu haimsaidii huyu meneja. Kazi ya mapokezi inahitaji mtu anayeongea vizuri, anayejua mfumo wa buking, mwenye subira, na wewe kwenye simu alishakukubali kwa hayo. Rangi ya ngozi ya mhudumu sio hitaji la kazi. Na mwajiri hawezi kujificha nyuma ya wageni akasema sio mimi ni wao, kwa sababu aliyekataa kukuajiri ni yeye.

Una siku 60 za kwenda CMA. Kusanya tangazo la kazi, meseji za kukuita, jina la nafasi, jina na cheo cha huyo meneja, na kama mlikuwa wengi kwenye usaili mtafute mmoja aliyesikia. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, TAS, wana watu mikoani, nenda nao, usiende peke yako. Na ukipata kazi, hapo au kwingine, usione aibu kuomba maandishi makubwa kwenye kompyuta, kukaa mbali na dirisha lenye jua kali, au kofia na mikono mirefu kwenye yunifomu, hayo ni marekebisho ya kawaida ambayo mwajiri anapaswa kuyafanya, wala hayamgharimu kitu cha kutisha.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nina kampuni ndogo ya usafirishaji Morogoro, wafanyakazi 25. Afisa kazi alikuja ukaguzi akaniuliza nina watu wenye ulemavu wangapi, sina hata mmoja, hakuna aliyewahi kuomba. Nilipiga hesabu asilimia 3 ya 25 inakuja 0.75, si chini ya mtu mmoja? Basi hainihusu?

JIBU: Marahaba. Inakuhusu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, walio na ulemavu wasipungue asilimia 3. Ukiwa na sifuri umepungua, na robo tatu ya mtu haiajiriki, kwa hiyo ni mmoja. Hilo la "hakuna aliyeomba" nalisikia sana na linaniudhi, angalia kwanza tangazo lako linasemaje, mengi yameandikwa awe na afya njema na viungo kamili hata kwa kazi ya uhasibu, na ofisi iko juu kwa ngazi, mtu wa kiti mwendo akija anaishia barabarani. Nafasi inayofuata ya karani au mtu wa kupanga safari za magari, peleka tangazo SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, utapata maombi. Halafu sheria ya ajira inakutaka uwe na mpango wa kukuza fursa sawa na uusajili kwa Kamishna wa Kazi, muulize huyohuyo afisa kazi akuelekeze, umeshafahamiana naye.

SWALI: Mdogo wangu ni kiziwi, yupo stoo kwenye duka kubwa Dodoma. Supavaiza anamwita bubu mbele ya watu na kumpiga piga mgongoni kumwita. Sasa kuna mzigo umepotea wamempa barua ya kwenda kwenye kamati ya nidhamu kesho kutwa, hakuna mkalimani, HR anasema aje na karatasi ataandikiwa maswali. Yeye kuandika Kiswahili kirefu kunamshinda, lugha yake ni ya alama. Mimi niende nimtafsirie?

JIBU: Kanuni za 2007 zinasema mfanyakazi ajulishwe tuhuma kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Maswali ya kuandika kwa mtu ambaye lugha yake ni ya alama hayajatimiza hilo. Kwa hiyo leo hii, sio kesho, aandike barua ya mistari mitatu, wewe msaidie: sijazielewa tuhuma kwa lugha yangu, naomba mkalimani wa lugha ya alama, naomba kikao kiahirishwe mpaka apatikane. Apige picha barua hiyo baada ya kuipeleka.

Wewe usitafsiri kama kuna namna. Najua unampenda na mnaelewana kwa ishara za nyumbani, lakini tuhuma ni ya wizi, neno moja ukilikosea anapoteza kazi, na baadaye wataandika kwamba alikuwa na mkalimani. Wapigieni CHAVITA, chama cha viziwi, wawaunganishe na mkalimani anayeijua kazi hiyo. Kama duka halitaki kumlipa, bora mchange nyie ndugu kwa kikao hiki mkadai baadaye, na mueleze kwenye barua kwamba mmelazimika. Kikao kikiendelea bila mkalimani aende, asikae nyumbani, lakini kwenye fomu ya kikao aandike kabla ya saini: sikuelewa, sikuwa na mkalimani.

Hayo ya supavaiza yaandikiwe barua tofauti, yasichanganywe na mzigo uliopotea. Unyanyasaji kwa sababu ya ulemavu sheria inauhesabu kuwa ni ubaguzi. Tarehe, alichofanya, nani aliona. Kama kuna kamera dukani mwombe HR kwa maandishi picha za siku hizo zisifutwe.